Je, Mtoto ni Deni la Ndoa?

Katika vijiji vya Ntoto, mpakani mwa Masisi na Walikale, mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto wake: Mama wa fulani. Yule asiyezaa hubaki na jina lake mwenyewe. Kila aitwapo njiani, sokoni au mtoni, wote wasikiao hukumbuka jambo lile lile. Hakuna aliyemtukana, lakini upungufu wake umetajwa mara kumi kabla ya jua kutua.

Basi mume na mke wakikaa mwaka mmoja, miwili, mitatu bila mtoto, maswali huanza. Kwanza ni maswali ya mama mkwe, kwa sauti ya chini. Kisha ni ya wajomba na baba wadogo, wale waliosaidia kutoa mbuzi za mahari. Mwisho ni ya mume mwenyewe, usiku, naye hayasemi kwa maneno bali kwa kugeukia ukutani. Nao wakiwa wakatekumeni, swali lao ni zito zaidi, maana wamefundishwa ya kuwa mume ni mmoja na mke ni mmoja mpaka kufa. Wajiuliza: Je, sheria hiyo yawahusu hata wasiopata mtoto? Je, Mungu apenda jina la mtu lipotee duniani? Na kama dawa ya hospitali ni halali, kwa nini ile ya mfumu yakatazwa? Maswali haya si ya upuuzi. Yastahili kujibiwa polepole, wala si kwa kugombeza.

Yafaa kuanza na shina la mambo. Mahari si kitu kibaya. Yaonyesha kwamba jamaa mbili zimekubaliana, na kwamba binti hakuokotwa njiani. Lakini moyo wa mwanadamu hugeuza zawadi kuwa hesabu. Jamaa ya mume yasema moyoni: Tumetoa mbuzi, tumetoa fedha, sasa na tupewe watoto. Kwa namna hiyo mtoto ambaye hajachukuliwa mimba amekwisha kuwa deni. Na palipo na deni, hapana budi awepo mdaiwa. Nani adaiwa? Si mume, kwa maana upande wake ndio uliolipa. Adaiwa mke. Asipolipa, husukumwa arudi kwao, na mbuzi zadaiwa zirudi nyuma yake, kana kwamba alikuwa jembe lililonunuliwa na kumbe halikati.

Wazee wa Wanyanga, majirani wa Ntoto upande wa Walikale, wana hadithi ndefu ya shujaa Mwindo, iliyoandikwa kutoka kinywa cha msimulizi mwaka 1956. Ndani yake mtemi Shemwindo awaamuru wake zake wote wazae mabinti tu. Mwana wa kiume akizaliwa, atauawa. Mabinti huleta mahari, mwana wa kiume huitoa. Tazama jinsi wazee wenyewe, kabla ya kuhubiriwa na mtu yeyote, walivyojua upumbavu wa kuwahesabu watoto kama mali ya zizi. Mwindo alizaliwa hata hivyo, wala mtemi hakuweza kumzuia.

Maandiko Matakatifu nayo hayaufichi uchungu wa wasiozaa. Rakeli alimlilia Yakobo ampe watoto, la sivyo atakufa. Na Yakobo, badala ya kumfariji, alikasirika. Sara, alipochoka kungoja, alimpa Abrahamu mjakazi wake Hagari ili amzalie. Wako wanaotumia habari hiyo kutetea mke wa pili. Wanasoma nusu yake. Waendelee kusoma: Hagari alipopata mimba alimdharau bibi yake, bibi akamtesa, na mwisho wake Hagari alifukuzwa jangwani pamoja na mtoto wake, na maji yao yakaisha. Abrahamu alitaka kulipa deni, lakini aliyelilipa kwa machozi ni mjakazi, aliyekuwa mnyonge kuliko wote nyumbani. Hata leo, mke wa pili anayeletwa kwa ajili ya kuzaa tu haolewi kwa kupendwa. Naye asipozaa, ataletwa wa tatu.

Tena kuna habari ya Ana, mke wa Elkana. Mke mwenzake alikuwa na watoto, naye alimchokoza mwaka hata mwaka, hata Ana akalia na kukataa chakula. Elkana hakumtaja mwana wala deni. Alimwuliza mkewe kama yeye mwenyewe si bora kwake kuliko wana kumi. Alisema hayo kabla Samweli hajazaliwa, wala hakujua kama atazaliwa. Ni wanaume wachache wa Ntoto, au wa mahali popote, wanaoweza kuuliza swali hilo, maana mwenye kuliuliza yampasa kwanza awe kweli mume aliye bora kuliko wana kumi.

Lakini kabla ya kusema juu ya subira, haki yataka kusema juu ya ukweli. Ukweli wa kwanza ni huu: mtoto hukosekana kwa sababu ya mume kama vile kwa sababu ya mke. Lugha yenyewe yaelekea upande mmoja. Neno tasa husemwa juu ya mwanamke na juu ya mnyama jike, na mgumba, ingawa laweza kusemwa juu ya mwanamume, ni nani amthubutuye kumwambia mwanamume hivyo mbele ya watu? Hata hivyo madaktari waona ya kuwa karibu nusu ya nyumba zisizo na mtoto, sababu yake au sehemu ya sababu yake imo katika mwili wa mume. Mbegu zake huenda ni chache, au hazina nguvu ya kwenda, au njia yao imezibwa na ugonjwa wa zamani. Mwanamume mwenye nguvu za kulima na kubeba mizigo, tena asiye na udhaifu wowote kitandani, aweza kuwa hivyo bila kujua. Kijana aliyeugua matubwitubwi baada ya kubalehe aweza kudhurika katika korodani. Pombe kali ya kutengenezwa nyumbani na tumbako hupunguza mbegu. Basi mwanamume anayemrudisha mkewe kwao bila yeye mwenyewe kupimwa amehukumu kesi akiwa shahidi, hakimu na labda mkosaji, yote kwa pamoja.

Ukweli wa pili watoka katika historia ya nchi yenyewe. Miaka ya 1955 hadi 1957, serikali ya Kongo ya Wabelgiji ilifanya uchunguzi mkubwa wa hesabu ya watu. Mtaalamu Anatole Romaniuk, aliyechambua hesabu zile, alionyesha jambo la kuhuzunisha. Katika wilaya nyingi za Équateur na za Mkoa wa Mashariki, mwanamke mmoja katika kila watano, na mahali pengine zaidi, alimaliza umri wa kuzaa bila kupata mtoto hata mmoja. Kivu haikuwa na msiba huo kwa kadiri hiyo. Watu walieleza kila namna: uchawi, laana ya mababu, hasira ya mizimu, ubaya wa wanawake. Kumbe sababu kubwa ilikuwa maradhi ya zinaa, hasa kisonono, yaliyoenea wakati watu walipohamishwa huku na huku kwa kazi, kwa vita na kwa biashara. Maradhi hayo huziba mirija ambamo yai la mwanamke hupita. Baada ya vita kuu ya pili, penisilini ilipofika katika zahanati, wanawake wa vizazi vilivyofuata walizaa zaidi. Hakuna mchawi aliyekamatwa, hakuna mzimu uliotulizwa, ilikuwa sindano. Yafaa kufikiri ni wanawake wangapi walifukuzwa katika miaka ile, na ni vikongwe wangapi walishtakiwa uchawi, kwa ajili ya ugonjwa ambao mara nyingi mume ndiye aliyeuleta nyumbani kutoka safarini.

Kwa hiyo kutafuta matibabu si kukosa imani. Mwili ukiugua homa, Mkristo huenda kwa mganga wa hospitali na kusali pia. Vivyo hivyo uzazi ukiugua. Kanisa lawasifu wale wanaotafuta njia za kuuponya utasa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 ya kuwa mtu mzima mmoja katika kila sita hivi duniani hukutana na shida hii wakati fulani wa maisha yake, matajiri kwa maskini. Mtu asiione kuwa aibu ya ukoo mmoja wa Ntoto.

Jinsi ya kufanya ni hivi. Kama mume na mke wamekaa pamoja mwaka mzima bila mimba, waende wote wawili. Mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje mwaka. Miezi sita yatosha. Wawili maana yake wawili: si mke na mama mkwe. Kabla ya yote wajue siku za rutuba. Yai la mwanamke hutoka mara moja katika mzunguko, kwa kawaida siku 14 hivi kabla ya hedhi ifuatayo, nalo huishi karibu siku moja tu. Mbegu za mume zaweza kuishi mwilini mwa mke mpaka siku tano. Siku zile ute wa mwanamke huwa mwepesi, wenye kuteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Madaktari John na Evelyn Billings wa Melbourne, Australia, mume na mke, walitumia maisha yao kuwafundisha watu kusoma alama hiyo. Kazi yao ilianza mwaka 1953. Njia hiyo haihitaji fedha wala umeme. Mwanamume afanyaye biashara Goma na kurudi nyumbani siku chache kila mwezi, huenda hana ugonjwa wowote, wala mkewe hana. Huenda hurudi siku zisizofaa.

Kisha ndio uchunguzi. Kutoka Ntoto mtu huenda kwanza katika kituo cha afya, na kutoka hapo huenda hospitali kuu ya Masisi au ya Walikale. Kwa vipimo vikubwa huenda mpaka Goma, na kutoka Masisi mpaka Goma ni kilomita 80 hivi, za matope wakati wa mvua na za hofu wakati wa vita. Hakuna haja ya kuwadanganya watu kwamba ni safari nyepesi. Lakini mengi huanza karibu. Kisonono, kaswende na klamidia hutibiwa kwa dawa za kawaida, ilimradi mume na mke wazinywe wote wawili kwa wakati mmoja na wazimalize. Mmoja akitibiwa peke yake, mwingine humrudishia ugonjwa. Mwanamke asiyetoa yai kwa utaratibu apewa vidonge vya kuliamsha, kwa ulinzi wa daktari, maana vikitumiwa ovyo vyaweza kuleta hatari. Mirija iliyozibwa huonekana kwa picha ya radiografi baada ya kutiwa dawa maalumu, na mara nyingine hufunguliwa kwa upasuaji. Mwanamume ambaye mishipa ya damu ya korodani yake imevimba aweza kupasuliwa. Nazo mbegu mpya huhitaji miezi miwili na nusu hivi kukomaa. Basi aliyeacha pombe leo asitazamie matunda juma lijalo. Juu ya kupima mbegu, mume Mkatoliki amwulize daktari njia ya kuzipata baada ya tendo la ndoa lenyewe, maana Kanisa halikubali atengane nalo hata kwa ajili ya kipimo. Njia hiyo ipo.

Na mfumu je? Hapa yafaa kupambanua. Mzizi wa msituni si dhambi kwa kuwa ni mzizi. Kuna majani ambayo wazee wanayajua, na Mungu ndiye aliyeyaotesha. Dhambi na hatari zimo mahali pengine. Ya kwanza ni kuagua, pale mfumu anapotazama maji au mifupa na kumtaja shangazi au mke wa jirani ya kuwa ndiye aliyefunga tumbo. Amewauzia mume na mke chuki kwa bei ya mbuzi, na shangazi yule hatakuwa tena na mahali pa kukaa kijijini. Ya pili ni dawa zinazotiwa ndani ya mwili wa mwanamke. Hizo zaweza kuchoma na kuleta usaha, na mirija iliyokuwa wazi yaweza kuzibwa na dawa iliyotafutwa ili ifunguliwe. Vivyo hivyo mwenye kuuza sindano sokoni bila cheti, hata akivaa koti jeupe.

Katika nchi hii kuna jambo jingine lisiloweza kupitwa kimya. Soko la Ntoto lajulikana mbali kwa sababu ya mauaji ya mwezi wa Machi mwaka 1993, yaliyofungua mlango wa vita vya makabila katika Masisi na Walikale. Na tangu siku zile vita vimekuja na kurudi kwa majina mengi. Katika vita hivyo wanawake wengi wametendwa jeuri. Dr. Denis Mukwege, aliyeanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu mwaka 1999 na kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2018, amewatibu maelfu yao. Baadhi yao miili yao iliumizwa hata hawawezi kuzaa tena. Na baadhi ya hao, waliporudi kutoka hospitali, walikuta mwanamke mwingine jikoni mwao. Hapa fikira ya deni yaonekana uchi kabisa. Aliyeibiwa ndiye anayedaiwa. Mume anayemfukuza mke wa namna hiyo kwa sababu hazai amekamilisha kazi ambayo mwenye bunduki aliianza, wala mahari na mila hazimwoshi.

Sasa kuhusu sheria ya ndoa yenyewe. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema wazi katika kanuni 1084 ya kuwa utasa hauizuii ndoa wala hauibatilishi. Asiyezaa aweza kuoa au kuolewa, na ndoa yake ni ndoa kamili. Sheria ya jamaa ya nchi ya Kongo, ya mwaka 1987, nayo haimruhusu mtu kufunga ndoa ya pili wakati ile ya kwanza haijavunjwa. Lakini wengi wa Ntoto, hata waliojiandikisha kwa katekista, wamejitengenezea njia ya kukwepa: wakaa pamoja kwanza, wakingoja tumbo. Mimba ikionekana, ndipo huenda kwa padri. Isipoonekana, binti hurudishwa, na watu husema hakuna ndoa iliyovunjwa, kwa kuwa hakuna iliyofungwa. Njia hii yaonekana ya busara, nayo ni ya kikatili kuliko zote. Yamwambia msichana: Utapendwa ukifaulu. Miezi yote ile analala pembeni ya mtu anayempima. Na kanuni 1102 yasema ya kuwa ndoa iliyofungwa kwa sharti juu ya jambo lijalo si halali. Mwenye kusema moyoni, Nakuoa ukizaa, hajaoa bado, hata kama kwaya imeimba.

Kuna swali linalotoka mbali zaidi, nalo limeanza kufika hata vijijini kwa redio na kwa simu za mkononi. Watu wamesikia ya kuwa mjini watoto hutengenezwa katika chupa. Habari hiyo ni ya kweli kwa sehemu. Mtoto wa kwanza aliyechukuliwa mimba nje ya mwili wa mama, Louise Brown, alizaliwa Uingereza tarehe 25 Julai 1978. Hakukua katika chupa. Yai la mama na mbegu ya baba viliunganishwa katika chombo kidogo, na baada ya siku chache kiumbe kikatiwa katika tumbo la mama yake, akazaliwa kama watu wote. Robert Edwards, mmoja wa waliovumbua njia hiyo, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2010. Kwa upande wa Afrika ya Mashariki njia hiyo ilizaa matunda Kampala mwaka 2004, na Nairobi mwaka 2006. Gharama yake huhesabiwa kwa maelfu ya dola, tena mara nyingi mimba haishiki. Mwenye shamba la mihogo Ntoto hataifikia leo. Lakini ndugu yake aliye Kampala aweza kuifikia, na mkatekumeni ataulizwa maoni yake.

Baba Mtakatifu Pio XII aliikataa njia hiyo mwaka 1956, aliposema na madaktari wa uzazi, miaka 22 kabla ya mtoto wa kwanza kuzaliwa. Mwaka 1987 Roma ilieleza sababu kwa kirefu katika hati iitwayo Donum Vitae. Yeyote asidhani Kanisa laona wivu juu ya furaha ya wazazi. Sababu ni hizi. Mtoto ana haki ya kutoka katika kupeana kwa baba yake na mama yake, mwili kwa mwili, wala si katika kazi ya mafundi. Tena mara nyingi hufanywa viumbe wengi kuliko wanaohitajiwa. Mmoja hutiwa tumboni, wengine hugandishwa kwa baridi au hutupwa, nao ni wanadamu waliokwisha kuanza. Na pengine hutafutwa mbegu au yai la mtu mwingine, au tumbo la kukodi, na mtoto hatajua ukoo wake ni upi. Msaada wa daktari unaoliwezesha tendo la ndoa lizae waruhusiwa. Ule unaochukua nafasi ya tendo hilo haukubaliwi.

Wako watu wema, hata Wakristo wa madhehebu mengine, wasiokubali mafundisho hayo. Wasema: Hawa ni mume na mke wapendanao, mbegu ni zao, machozi ni yao, dhambi iko wapi? Hoja yao yastahili heshima, na mwenye watoto saba asiijibu kwa haraka. Lakini ndani ya hoja hiyo yafaa kusikiliza kama neno lile la kwanza halimo: Twadai. Mama mkwe alidai kwa sababu ya mbuzi. Mwenye fedha adai kwa sababu ya malipo. Viumbe wanaobaki katika baridi ndio waliochukua mahali pa yule mke aliyefukuzwa. Katika Ntoto mdaiwa ni mwanamke mmoja anayelia. Kule mdaiwa hana sauti kabisa. Mume na mke wana haki ya kuungana katika ndoa na kutafuta uponyaji. Juu ya mtu mwingine, awe ndiyo kwanza ameanza au amekwisha kukomaa, hakuna mwenye hati ya kumiliki.

Neno moja ni lazima liongezwe, kwa sababu ndimi za watu ni nyepesi. Mtoto aliyekwisha kuzaliwa kwa njia hiyo hana hatia wala hana doa. Ni mtoto wa Mungu kama wengine, naye apokewe na kubatizwa kwa furaha. Wamo mamilioni duniani. Anayemcheka mtoto kwa ajili ya namna alivyopatikana amerudi kwenye kosa lile lile la kuhesabu watu.

Na kama matibabu yote yaliyo halali yamekwisha, na mtoto hakuja? Hapo maneno mengi ni kelele. Uchungu ule hauondolewi kwa mahubiri, wala jirani asimwambie mke ya kuwa Mungu anampenda zaidi kwa sababu anateseka. Ni afadhali amsaidie kuchota maji. Methali yasema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na katika nchi iliyoona vita vingi hivi yatima si wa kutafutwa kwa taa. Walakini yatima naye asichukuliwe kama malipo ya deni. Asiletwe ili amnyamazishe mama mkwe, kisha asahauliwe siku mimba itakapoonekana. Anayemlea mtoto wa marehemu ndugu yake na aende kwa chifu na kwa hakimu, aandikishe jambo hilo, ili mashamba yasije yakagombaniwa baadaye na mtoto akatupwa nje na wajomba.

Wazee huuliza: Nani atamzika? Ni swali la haki. Mtu asiye na mwana aogopa kaburi lisilopaliliwa. Katika jumuiya ya Kikristo iliyo hai, watu wa kigango huchimba kaburi la mgumba kama la baba wa wana tisa. Mahali ambapo hawafanyi hivyo, mafundisho yote ya ndoa yatasikika kama maneno matupu, na haki itakuwa upande wa wazee.

Siku ya arusi, kabla ya wawili kupeana neno lao, padri huwauliza maswali. Mojawapo ni kama wako tayari kuwapokea kwa upendo watoto ambao Mungu atawapa. Hawaulizwi ni wangapi, wala hawaapishwi kwamba watakuwapo. Na bwana arusi na bibi arusi wakiwa wamekwisha kuzeeka, kitabu cha ibada chamruhusu padri kuliacha swali hilo. Maneno mengine yote ya ahadi husemwa vile vile, na pete ni zile zile.